Coaster iliyogeuzwa nyumba: bushi za raba au za poliyurethani, na zipi ziwekwe wapi

Gari likishapandishwa jeki kwenye gereji za Unga Limited hapa Arusha na bushi, vile vipande laini vinavyokaa kwenye viungo vya chini ya gari, zikaonekana zimekatika, swali linalofuata karibu kila mara ni hili: "Fundi, niweke raba au zile ngumu za rangi?" Mwenye Coaster ya abiria ya Arusha–Moshi hujibiwa kwa sentensi moja, maana gari lake halilali mbali na duka la spea. Mwenye Coaster aliyoitia vitanda, jiko la gesi na tangi la maji anastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu bushi ikimfia, huenda akawa Engaruka, njia ya Ziwa Natron, na nyumba nzima mgongoni.

Jibu langu nalitanguliza: usichague aina moja kwa gari zima. Bushi inayosokotwa na kupindishwa pande zote iwe ya raba, tena ya kiwandani. Bushi inayozunguka kwenye mhimili mmoja tu huku imebeba mzigo inaweza kuwa ya poliyurethani, yaani zile ngumu za rangi, na hapo itakufaa kuliko raba nyingi za bei ya chini zinazouzwa mjini. Nasema Coaster kwa kuwa ndiyo iliyojaa hapa, hasa kizazi kilichotengenezwa kuanzia 1993 hadi kilipopokewa na kipya 2017, lakini Rosa na Civilian zina mambo hayo hayo chini. Poliyurethani nitaiita poli kwa kufupisha.

Kwa nini nyumba si sawa na basi la abiria

Basi la abiria hujaa na kutoka. Asubuhi limebeba watu hadi mlangoni, jioni linarudi gereji tupu, na raba zake zinapata kupumua. Nyumba haishushi mzigo kamwe. Makabati, betri, friji, mitungi na godoro viko pale pale usiku na mchana, hata gari likikaa miezi miwili chini ya mwembe Usa River. Raba iliyobanwa namna hiyo bila kupumzishwa hulala upande mmoja taratibu, na bomba la chuma lililo katikati ya bushi linahama kutoka mahali pake kabla hata mpira haujapasuka.

Halafu kuna maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 200 ni kilo 200, na watu wengi hulifunga upande mmoja kwa sababu ndipo nafasi ilipopatikana. Ukikuta bushi za kushoto zimekwisha na za kulia bado zinadai maisha, usianze kumlaumu aliyekuuzia. Angalia kwanza tangi lilipo.

Jambo la tatu husahaulika sana, nami nalipa uzito mkubwa. Kila mtikisiko ambao bushi imeshindwa kuumeza unapanda hadi ndani: kwenye skurubu za kabati, kwenye viungo vya mabomba ya maji, na kwenye mpira wa gesi. Abiria akitikiswa anashuka Boma Ng'ombe na safari yake imekwisha. Kiungo cha gesi kikilegea, watu wanalala nacho chumba kimoja. Kwa hiyo ugumu wa bushi hapa si suala la starehe ya dereva peke yake.

Raba inavyofanya kazi, na poli inavyofanya kazi

Hapa ndipo uamuzi wote ulipo. Bushi ya raba ya kwenye amu, yaani ule mkono wa chuma unaounganisha tairi au ekseli na chasisi, ina bomba la chuma nje, bomba dogo la chuma ndani, na mpira katikati uliogandishwa kwenye vyuma vyote viwili kiwandani kwa joto. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linashikwa na chasisi na halizunguki. Amu ikipanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaosokoteka kwenda na kurudi. Hakuna kitu kinachosuguana na kingine. Haihitaji grisi wala haipigi kelele, na vumbi halina mlango wa kuingilia. Mpira wa asili unafaa sana kwa kazi hii kwa sababu unavumilia kukunjwa na kukunjuliwa bila kuchanika upesi. Nchi yetu inao: mashamba ya mpira ya Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero yalipandwa kwa ajili ya viwanda, na Arusha yenyewe ilikuwa na kiwanda cha tairi cha General Tyre kabla hakijafungwa. Inauma kuona hata bushi ndogo ya stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona, leo inaletwa kwa meli.

Poli haijagandishwa popote. Huja vipande viwili vigumu vinavyoingizwa kwenye tundu kwa mkono au kwa vaisi, kila kimoja kutoka upande wake, kisha bomba la chuma linapitishwa katikati. Amu ikisogea, poli inazunguka juu ya bomba hilo, chuma na plastiki vikisuguana. Ndiyo maana inataka grisi ya silikoni, au ile iliyokuja nayo kwenye pakiti. Ikikosa grisi inalia, tena kilio kinachosikika hadi nje ya uzio. Kwa kipimo cha ugumu kinachoitwa Shore A, raba nyingi za bushi ziko kati ya 50 na 70, na poli nyingi za magari kati ya 80 na 95. Ugumu huo ndio faida yake na ndio kasoro yake. Mzigo haukandamizi poli upesi, gari halilali sana kwenye kona, na usukani unatii. Lakini poli haikubali kupindishwa kwa pembeni. Ukiilazimisha, nguvu inahamia kwenye kitu kingine: bolti, mabano ya chasisi, au amu yenyewe.

Kwa hiyo mtu akisema "poli ni bora kuliko raba" au kinyume chake, muulize: mahali gani?

Tuzipange kwa mahali

Kwenye amu za mbele sina shaka. Coaster nyingi za kizazi kile zina amu za juu na za chini kila upande, ingawa nyingine zina springi za bapa, zile za vyuma vilivyopangwa kwa tabaka, mbele pia, hivyo chungulia chini kabla hujanunua chochote. Amu haiendi juu na chini tu. Tairi likigonga jiwe, amu inasukumwa nyuma kidogo, na bushi inatakiwa imeze msukumo huo. Raba inaumeza. Poli inaupeleka kwenye chasisi, na kutoka hapo kwenye kabati la vyombo. Raba ya kiwandani ndiyo chaguo langu hapa, hata kama bei yake inakufanya umeze mate.

Wenye Land Cruiser za kulala juu ya paa, ambao Arusha wamekuwa wengi, wana kisa kinachofanana na hiki. Land Cruiser 78 na 79 zilibadilishiwa springi za mbele mwaka 1999, kutoka za bapa kwenda za koili, na tangu hapo ekseli ya mbele inashikwa na amu mbili ndefu za kwenda nyuma. Tairi moja likipanda juu ya mwamba na jingine likabaki chini, ekseli inataka kujipinda, na kitu pekee kinachoiruhusu ni ulaini wa raba za amu hizo. Weka poli pale na umefunga ekseli. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu gari linatulia sana kwenye lami ya Namanga, kisha wanashangaa mabano yanapopata ufa.

Nyuma hali inageuka. Coaster nyingi zina springi za bapa nyuma, na bushi za springi zina kazi moja kubwa: kuzunguka kwenye pini zikiwa zimebeba nyumba. Hakuna kupindishwa kwingi. Na jambo la kuangalia ni hili: kwenye Toyota nyingi, bushi za kile kiungo kinachoning'iniza ncha ya nyuma ya springi hazijagandishwa. Ni vipande viwili vya raba vinavyoingizwa kila upande, na vyenyewe vinasuguana na pini kila siku. Maana yake ile faida kubwa ya raba ya kutosuguana hapo haipo tangu mwanzo. Poli inashinda kwa uwazi: haibanwi upesi na ule uzito usioshuka, na unaweza kuibadilisha mwenyewe ukiwa na jeki mbili, stendi imara na nyundo. Ncha ya mbele ya springi ni tofauti. Ikiwa bushi yake ni ya kugandishwa na bado unaipata jenuini, iache iwe ya raba, maana ndiyo inayovuta na kusukuma ekseli nzima unapokanyaga breki. Poli pale si kosa, lakini utaisikia kwenye kila tuta.

Stabilaiza sina maneno mengi: poli. Ni rahisi, inadumu, na nyumba yenye mzigo juu inahitaji kila msaada wa kutolala kwenye kona za kupanda Ngorongoro. Bushi za shokapu, fuata zilizokuja na shokapu yenyewe.

Barabara utakazopita nazo zina kura

Mwenye kukaa lami, Arusha hadi Babati, Kondoa na Dodoma, au Moshi hadi Same na kushuka Tanga, anakutana na matuta na joto, basi. Aina zote mbili zitamvumilia, na anaweza kuchagua kwa bei.

Mwenye kwenda Natron ni mtu mwingine. Kutoka Mto wa Mbu kupita Engaruka hadi Ngaresero kuna mawe, makorongo na vumbi jepesi la majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai linaloingia hata kwenye kopo lililofungwa. Vumbi hilo likikuta grisi ya poli linakuwa msasa, na bomba la katikati linalika huku poli yenyewe ikionekana nzima. Ukitumia njia hiyo mara kwa mara na umeweka poli kwenye springi, nunua pini zenye tundu la kupigia grisi, na ukirudi mjini pampu grisi mpya hadi ile chafu itoke yote. Usipokuwa tayari kufanya hivyo, rudi kwenye raba na ukubali kuibadilisha mapema. Nasema hili kwa upendo kabisa: poli isiyotunzwa ni mbaya kuliko raba isiyotunzwa.

Baada ya lango la Lodoare la Ngorongoro, kwenda lango la Naabi la Serengeti, kuna barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati. Mitikisiko yake ni midogo lakini haikomi kwa saa nzima na zaidi. Hapo raba za mbele zinaokoa kabati zako, mradi upunguze upepo wa tairi kidogo na mwendo pia.

Njia za bei nafuu

Kuchongesha bushi kwa fundi wa mashine ni jambo la kawaida hapa, na mafundi wetu wanajua kukereza. Nyloni ngumu ikikerezwa vizuri inaweza kukaa kwenye kile kiungo cha nyuma cha springi na kukufikisha nyumbani. Ila haina ulaini hata kidogo. Kwenye amu za mbele usikubali hata ukipewa bure, kwa sababu ni sawa na kuondoa bushi kabisa.

Bushi za kukatwa kwenye tairi kuukuu ziko pia. Kisu kinachotengeneza katambuga kinaweza kutengeneza bushi ndani ya nusu saa, na nikiwa nimekwama Longido ningeishukuru. Lakini tairi lina nyuzi ndani, mara nyingi za chuma, na nyuzi hizo zitakwangua pini kila ekseli inapocheza. Iwe ya kukutoa porini tu.

Kuna anayenunua amu nzima ya mtumba kutoka Japani yenye bushi zake ndani, akidhani amepata jenuini kwa bei ya chini. Chuma kweli ni jenuini. Mpira ni wa umri ule ule wa gari lililokatwa. Nunua amu hiyo kama yako imepinda, kisha uipelekee bushi mpya.

Kati ya raba mpya za madukani, tofauti ni kubwa kuliko tofauti ya raba na poli. Ishike. Angalia pale mpira unapokutana na bomba: ukiona ukingo umeachia au kuna tundu la hewa, irudishe. Usichukue iliyoanikwa juani kando ya barabara, kwa kuwa jua na hewa huzeesha mpira hata kama haujatumika. Kama raba jenuini haipatikani na unayopewa ni ya kutia shaka, hapo nakubali poli kwenye mahali pengi zaidi ya nilivyotaja, isipokuwa kwenye zile amu ndefu za Land Cruiser.

Mabasi makubwa ya zamani yenye springi za bapa kila kona na bushi za shaba yana habari fupi: baki na shaba, piga grisi kwa ratiba, badilisha pini na bushi kwa pamoja.

Kabla ya kulipa: imekufa kweli?

Nyufa ndogo juu ya uso wa raba si kifo. Bushi imekufa pale mpira ulipoachia chuma, au bomba la katikati limehama waziwazi, au chuma kinagonga chuma. Weka mtaimbo kati ya amu na chasisi, sukuma taratibu, na mwenzako aangalie. Mchezo kidogo ni haki yake, kuruka kwa ghafla si haki yake. Mtu mwingine ashike usukani, auyumbishe kushoto na kulia injini ikiwa inawaka na gari likiwa chini, wewe ukitazama kutoka pembeni na si ukiwa umelala mbele ya tairi. Gari linalovuta upande mmoja unapofunga breki, tairi linaloliwa ukingo mmoja, na mlio wa "ko" unapotoka kwenye tuta, vyote vinaelekeza huko. Lakini vinaweza pia kuwa boli jointi, viungo vya mviringo vya mwisho wa amu, kwa hiyo kagua zote kabla hujatoa pesa.

Ufungaji unaoua bushi nzuri

Nimesikia mteja akimwambia mzee mmoja wa gereji, "Mzee, hizi raba ulizoniwekea ni feki, hata mvua za masika hazijaisha zimechanika." Mzee akamuuliza ni nani aliyekaza bolti, na gari lilikuwa wapi wakati huo. Lilikuwa juu ya jeki, na tairi zinaning'inia. Hilo lilitosha. Kumbuka raba inasokoteka ndani ya mpira wake. Ukikaza bolti amu ikiwa imening'inia, ukilishusha gari mpira unasokoteka hadi karibu na mwisho wake, na unakaa hivyo hata gari likiwa limeegeshwa. Ingiza bolti bila kuzikaza, shusha gari, jaza maji na vitu vyako vyote, litikise mara chache, ndipo ukaze kwa spana ya kupima nguvu kwa kiwango cha kitabu cha gari. Poli haina masharti hayo, na hiyo ni faida ya kweli kwa anayefanya kazi mwenyewe.

Usipake grisi ya kawaida wala oili kwenye raba ili iingie kirahisi. Mpira wa asili ukinywa mafuta ya petroli unavimba na kulegea. Maji ya sabuni yanatosha.

Baadhi ya bushi za amu zina mashimo ya makusudi upande mmoja. Chora alama ya mwelekeo kwenye amu kabla ya kuitoa ya zamani, kwa sababu ukiigeuza itakuwa laini pale inapotakiwa kuwa ngumu.

Kuhusu kuitoa ya zamani, tafadhali msitie moto. Moto kwenye tundu la springi unaondoa ugumu ambao chuma kile kilipewa kiwandani, na springi itakatika baadaye mahali hapo hapo. Poli ikiungua ni hatari zaidi, kwani moshi wake una sumu ya sianidi. Toboa mpira kwa drili, kisha kata bomba la nje kwa msumeno wa chuma bila kugusa tundu lenyewe, au peleka amu kwenye gereji yenye presi. Bushi zibadilishwe kushoto na kulia kwa pamoja, na baada ya zile za mbele gari liende alaimenti, kunyooshwa tairi, siku hiyo hiyo.

Kama ulifungua springi za nyuma, yu-bolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, kwa sababu za zamani zimeshavutika. Safari ya kwanza iwe ya kwenda Makuyuni, kama kilomita 80, gari likiwa na mzigo wake wote. Pale simama, acha breki zipoe, chukua spana, kaza nati za yu-bolti tena, na upitishe mkono kwenye kiungo cha gesi kabla hujachemsha chai.